Baba anakuja ndotoni kuniomba maji: yuko wapi sasa?

"Shikamoo mwalimu. Baba yetu alifariki mwezi wa nne, presha ilimpanda ghafla akiwa safarini kurudi Jinja. Alikuwa askari mstaafu, na sisi watoto tulikulia kambini, ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili. Alibatizwa Mkatoliki huko Masaka akiwa mdogo, ila hakufunga ndoa na mama kanisani, na kwa miaka mingi hakupokea Komunyo. Hata hivyo kila Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda, alikwenda kuhiji Namugongo walikouawa, kwa miguu, mpaka magoti yalipomshinda. Kwenye maziko hapakuwa na Misa. Katekista alisoma sala, kisha pasta wa dada yangu akahubiri habari za tajiri na Lazaro. Dada yangu ni mlokole na anasema waziwazi kwamba baba yuko kuzimu kwa kuwa hakuokoka. Shangazi, ssenga wetu, anataka tumtolee Misa. Mume wangu ni Msabato, anasema baba amelala tu, hajui kitu, na kumwombea ni kupoteza muda. Desemba ukoo unafanya olumbe, ile shughuli ya Kiganda ya kumaliza msiba na kumsimika mrithi, na dada amekataa kuja. Nami nimeanza kumwota baba: anasimama mlangoni na koti lake, anaomba maji, halafu ananyamaza. Mtu mmoja wa maombi ameniambia roho yake imefungwa, na kwa sadaka ya shilingi laki tatu ataifungua. Baba yuko wapi? Nimwombee au nisimwombee?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla ya kukujibu, nikuambie ninapoongea nimesimama wapi: mimi ni kasisi mstaafu wa Kanisa la Uganda, nimefundisha theolojia miaka mingi, kwa hiyo nina upande. Pale upande wangu utakapoanza kusema, nitakuonyesha, ili usije ukachukua maneno ya Mwanglikana mmoja ukadhani ni ya Wakristo wote.

Niruhusu nianze na ndoto, kwa maana nadhani ndiyo inayokunyima usingizi, mengine yote yanakunyima raha tu. Umesema anaomba maji. Sasa jiulize: ndoto yako imeyaokota wapi maji hayo? Siku ya maziko, ukiwa umesimama kando ya kaburi, umechoka, hujala, hujalala, ulisomewa Luka 16. Humo yumo tajiri aliyekufa, yuko katika mateso, anamwomba Ibrahimu amtume Lazaro achovye ncha ya kidole majini auburudishe ulimi wake. Halafu dada yako akakuambia baba yuko mahali pale pale alipo tajiri. Akili ya mtu aliyefiwa hulala na mambo kama hayo na kuyashona usiku: koti la baba, mlango wa nyumbani, maji ya mahubiri. Ninaowatembelea katika misiba huniambia ndoto za namna hiyo kila mara, Wakatoliki kwa Walokole. Wengine humsikia marehemu akikohoa chumbani, au huandaa sahani yake mezani kabla ya kukumbuka. Mtu uliyemzoea miaka thelathini, kichwa chako bado kinamngoja arudi. Huko ni kuomboleza, wala si kutokewa.

Na kama mtu atasisitiza kwamba ndoto hiyo ni ujumbe, mrudishe kwenye sura ile ile. Tajiri aliomba mjumbe apelekwe nyumbani kwa baba yake, akawaonye ndugu zake watano. Akakataliwa. "Wanao Musa na manabii, wawasikilize wao." Yaani kifungu kilichokutia hofu ndicho kinachosema wafu hawatumwi kupeleka habari. Tena tajiri hakulaumiwa kwa kutookoka wala kwa kutofunga ndoa kanisani. Palikuwa na maskini mwenye vidonda langoni pake, naye alikuwa akimruka kila siku akienda kula. Kwa nini mfano huu husomwa makaburini kama ramani ya ahera, na hausomwi sikukuu kwa wenye malango makubwa, hilo mimi sijawahi kulielewa.

Sasa neno la dada yako, "kuzimu". Ugomvi mwingi wa misibani kwetu ni ugomvi wa maneno kabla haujawa ugomvi wa imani. Biblia ya Kiebrania ina neno Sheoli, mahali pa wafu wote, wema kwa wabaya, pa giza na kimya. Wayunani waliita Hadesi. Halafu kuna Gehena, jina lililotokana na Bonde la Hinomu karibu na Yerusalemu, na hilo ndilo Yesu alilolitumia kwa hukumu ya moto. Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea ikaziita Sheoli na Hadesi "kuzimu", neno letu la Kibantu la shina moja na mzimu, na Gehena ikaiita "jehanum", neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu lakini mizizi yake ni bonde lile lile. Waganda nao wana magombe yao. Basi ukisikia kuzimu, sikio lako linachanganya mizimu ya mababu, jehanamu ya moto na Sheoli ya Agano la Kale katika chungu kimoja. Yakobo alipodhani Yusufu ameliwa na mnyama, alisema atamshukia mwanawe kuzimu akiomboleza. Hakuwa akisema mtoto wake yuko motoni. Na Kristo mwenyewe, katika Imani ya Mitume, tunakiri kwamba alishuka kuzimu. Kwa maana hiyo ya kale, dada yako amesema kweli bila kujua: baba yenu amekwenda waliko wafu. Ila hiyo siyo maana aliyoikusudia, na ile aliyoikusudia hana namna ya kuijua. Nitarudi hapo.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine ni hili: ninyi wote nyumbani mnagombania kipande cha katikati. Mwisho wa safari mnaukiri pamoja. Katika sensa ya 2014, Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 39 ya watu wa Uganda, Waanglikana 32, Wapentekoste 11, Wasabato hawafiki 2. Meza yenu ya chakula ni Uganda ndogo. Na makanisa hayo yote yanafundisha kwamba Kristo atarudi, kwamba wafu watafufuliwa kwa miili, na kwamba Mungu ndiye atakayehukumu. Watu wengi kanisani wanadhani tumaini la Kikristo ni roho kupaa mbinguni na kukaa huko milele, mwili ukiachwa uoze. Hapana. Imani ya Nikea inamalizia kwa ufufuo wa wafu na uzima wa ulimwengu ujao. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliyaweka yote juu ya ufufuo, akasema adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti. Adui, si rafiki wa kutupeleka nyumbani kama tunavyoambiwa kwenye hotuba za misibani. Babu zetu walilijua hilo kwa njia yao: katika hadithi ya Kintu na Nambi, Walumbe, yaani Mauti, ni mgeni asiyealikwa, aliyefuata nyuma kwa sababu ya ulezi wa kuku uliosahauliwa, na hata ndugu yake Kayikuzi aliyetumwa kumkamata hakumweza, Walumbe akazama ardhini kule Ttanda. Pale hadithi inaposhindwa kumtoa Walumbe shimoni, ndipo Pasaka inapoanza kwa Mkristo.

Kwa hiyo swali lako "baba yuko wapi" ni swali la kati ya mwezi wa nne na siku ile ya mwisho. Kuhusu muda huo Biblia inasema kidogo, na hicho kidogo inakisema kwa lugha mbili. Ndiyo maana mumeo na dada yako wote wawili wana mistari.

Mumeo anaye Mhubiri: "wafu hawajui neno lo lote." Anaye Yesu aliyesema Lazaro wa Bethania amelala, na kwamba Lazaro huyo alikaa kaburini siku nne na hatuna neno moja alilosimulia alipotoka. Nyuma ya mistari hiyo kuna jinsi Waebrania walivyomwona mtu: katika Mwanzo, Mungu hakumpa Adamu nafsi kama mtu anavyopewa shati; mavumbi yalipopuliziwa pumzi, Adamu mwenyewe akawa nafsi hai. Pumzi ikiondoka, hakuna kipande kinachobaki kikielea. Wasabato wanasema mtu hulala pasipo kujua, na kwake sekunde inayofuata kifo ni tarumbeta ya ufufuo. Wala hawafundishi mateso yasiyokwisha. Waovu mwishoni huangamizwa. Umeona hapo? Kwa mafundisho ya kanisa la mumeo hakuna binadamu anayeungua leo. Huenda akisema "hajui kitu" wewe unasikia ubaridi, kumbe anajaribu kukufariji na hajui namna.

Upande mwingine wanaye mwizi msalabani: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Wanaye Paulo, aliyetamani kwenda zake akakae na Kristo, mtu hatamani hivyo akijua anakwenda kulala tu. Wasabato hujibu kwamba hati za kwanza za Kigiriki hazikuwa na mikato, kwa hiyo mtu anaweza kusoma "nakuambia leo, utakuwa pamoja nami". Mikato kweli haikuwapo. Lakini "Amin, nakuambia" ni msemo wa Yesu unaorudiwa mara nyingi sana, na kwa kawaida hauongezi neno la wakati, kwa hiyo wafasiri wengi huiweka "leo" upande wa peponi, na mimi niko pamoja nao. Hapa upande wangu unasema, kama nilivyokuahidi. Naamini wafu katika Kristo wako naye, wakingoja ufufuo. Nakiri pia kwamba mistari ya mumeo sijaifuta. Nimeisoma tu chini ya ile mingine.

Shangazi yako yuko ndani ya upande huu wa pili, na anaongeza toharani. Hili Walokole na Waanglikana wenzangu hulieleza vibaya, kwa hiyo nilieleze kama Wakatoliki wanavyolieleza wenyewe. Toharani si jehanamu ndogo, wala si nafasi ya pili kwa aliyemkataa Mungu. Ni utakaso wa mtu aliyekwisha kuokolewa, aliyekufa katika urafiki na Mungu lakini bado ana makovu ya dhambi. Aliye toharani ana uhakika wa mbinguni. Wanategemea 2 Makabayo sura ya 12, ambako Yuda Makabayo aliwaombea askari wake waliouawa, na maneno ya Paulo juu ya mtu anayeokolewa kama kwa moto. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Florensi mwaka 1439 na ule wa Trento mwaka 1563 uliyathibitisha. Waorthodoksi wetu nao huwaombea wafu, hasa siku ya arobaini, ingawa toharani kwa maelezo hayo hawaikubali. Sisi Waanglikana tuliikataa katika Kanuni 39 za Imani, kanuni ya 22, na kitabu cha Makabayo hatukitumii kuthibitisha mafundisho.

Sasa nirudi kwa dada yako. Kanisa lake linafundisha kwamba asiyempokea Kristo hupotea, na hilo sitalificha: Biblia inaonya hivyo kwa maneno makali. Ila kati ya kusema "asiyemwamini Kristo hupotea" na kusema "baba amepotea" kuna daraja ambalo mwanadamu hakupewa kulivuka. Mwizi msalabani hakuwa na ushuhuda wa wokovu, hakubatizwa, hakurudisha alichoiba. Alimwomba Yesu kwa sentensi moja akiwa anakata roho. Kama ungesimama mbali kidogo na msalaba, usingeisikia, ungerudi mjini ukasema yule kaenda motoni. Baba yenu alikuwa safarini alipofariki. Nani kati yenu alisikia alichosema moyoni dakika zile? Wakatoliki wana fundisho la majuto kamili: anayejuta kwa kumpenda Mungu, akiwa na nia ya kuungama atakapoweza, husamehewa hata kama padri hakufika. Na kule Namugongo alikokuwa akitembea baba yako, kati ya wale mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu Oktoba 18, 1964, yumo Mukasa Kiriwawanvu, aliyekuwa bado mkatekumeni, hajabatizwa kwa maji siku alipouawa. Kanisa lenye sheria nyingi kuliko yote likamwita mtakatifu.

Kuhusu kukosekana kwa Misa: usiisome kama hukumu. Nidhamu ya Komunyo na ya maziko ni ya walio hai, ya kulinda mafundisho ya ndoa mbele ya waumini. Unaweza kudhani haikutumika kwa busara, na mimi nina maoni yangu, lakini hakuna padri anayedai kwamba kwa kutosoma Misa amemfungia mtu mbingu. Baba yako aliishi nje ya Komunyo miaka yote hiyo na bado akatembea mpaka Namugongo. Mtu aliyemtupa Mungu hatembei hivyo. Sisemi hilo linatosha mbele za Mungu; kutosha si kazi yangu. Nasema kwamba dada yako, akiorodhesha ushahidi, na huo auandike.

Nimwombee au nisimwombee? Ukiwa Mkatoliki, mwombee, na shangazi yako ana haki kamili. Misa inaweza kutolewa sasa. Hakuna aliyechelewa, na Novemba 2 ni siku ya marehemu wote. Kile mnachotoa kwa nia ya Misa ni sadaka, siyo bei. Sheria ya Kanisa inawahimiza mapadri kuadhimisha kwa nia ya waamini, hasa maskini, hata wasipotoa kitu. Ukiwa wa upande wangu, hatumwombei marehemu abadilishiwe hukumu, ila tunamkabidhi kwa Mungu, tunashukuru kwa maisha yake, tunaomba sisi tuliobaki. Nikikuambia ukweli wote, kwenye kaburi la mama yangu mimi husema naye Mungu habari zake, na sijawahi kukaa chini kupima kama nimevunja kanuni ya 22. Hukuniambia wewe mwenyewe unasali wapi siku hizi. Huenda hilo ndilo swali ambalo bado hujajiuliza, kwa kuwa kila mtu nyumbani amekwisha kukuchagulia upande.

Olumbe nalo lisiwe vita. Ndani yake mna vitu vya aina mbalimbali na ni kosa kuviita vyote ushetani au vyote utamaduni. Ukoo kukusanyika, madeni ya marehemu kutajwa na kulipwa, watoto kutambulishwa, mrithi kuvikwa lubugo, vazi la gome la mti, na kukabidhiwa wajibu: hapo sioni dhambi, na maparokia mengi huanza siku hiyo kwa Misa au ibada. Kumwaga pombe kaburini ili mzimu utulie, au kumwita mganga aulize marehemu anataka nini, hapo Kumbukumbu la Torati 18 inakataza, na hapo ndipo Walokole walipoanza kugoma tangu uamsho wa miaka ya 1930. Mwende kwa mzee wa ukoo mapema, wewe na dada yako, mwombe ratiba. Mkijua lipi linafanywa saa ngapi, dada anaweza kuwapo kwenye sala na madeni na akajitenga kwingine. Mtu aliyekosekana kabisa olumbe la baba yake hukumbushwa hilo miaka ishirini. Na kwa kuwa shughuli hizi huangukia Jumamosi, mzee aulizwe kama mrithi anaweza kuvikwa Jumapili, la sivyo mkwe wenu Msabato hataonekana na watu watatunga sababu.

Yule wa shilingi laki tatu, usimlipe. Hakuna kanisa hata moja kati ya hayo niliyoyataja linalofundisha kwamba roho ya marehemu hufungwa na kufunguliwa kwa malipo. Wakristo walishagombana vya kutosha juu ya fedha na wafu: Martin Luther alianza mwaka 1517 kwa kupinga uuzaji wa rehema, yaani maondoleo ya adhabu za dhambi, na Papa Pius wa Tano mwaka 1567 akapiga marufuku rehema zinazotolewa kwa malipo. Akikuambia ukichelewa baba atazidi kuteseka, ujue anauza hofu yako, nawe ndiye mteja.

Yako mambo barua haiwezi. Kama ndoto zinakuja kila usiku na umeanza kuogopa kulala, kama chakula hakipiti, kama unaisikia sauti yake ukiwa macho ikikuamuru jambo, au kama siku moja umewaza kwamba heri umfuate, usingoje Desemba. Mwambie mumeo leo, kisha nendeni hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa, ya Jinja ikiwamo, zina kitengo cha afya ya akili, na Butabika ipo Kampala. Kwenda huko si kukosa imani. Yesu mwenyewe alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, na alijua dakika chache baadaye angemfufua. Kwa mambo ya roho, tafuta padri wa parokia aliyokuwa akisali baba yako, au katekista yule aliyesoma sala, kwa kuwa alikubali kuja wakati wengine hawakuja. Nenda na mumeo, na umwombe dada yako awasindikize hata kama atabaki nje kwenye benchi.